Barua ya wazi kwa Baba Askofu na Halmashauri Kuu: turudishieni Jumatatu yetu ya kupumzika, na mtunze madaftari yetu

Kwa Baba Askofu, Msaidizi wa Askofu, Katibu Mkuu, Wakuu wa Majimbo na wajumbe wote wa Halmashauri Kuu ya dayosisi yetu.

Bwana Yesu asifiwe.

Mwezi wa pili nilishuka mjini kufuata vipuri vya pikipiki. Nikiwa stendi nasubiri gari, nikanunua karanga za mia tano. Kijana alinifungia kwenye karatasi ya daftari, ile ya mistari, ameisokota kama pembe. Nilipomaliza karanga nikaikunjua karatasi ili niitupe, nikaona mwandiko ninaoujua. Ulikuwa wa mchungaji mwenzetu tuliyemzika mwaka juzi, yule ambaye herufi yake ya g ilikuwa na mkia mrefu unaoshuka hadi mstari wa chini. Ilikuwa nusu ya hubiri la Majilio. Nikamrudia kijana, nikamuuliza makaratasi haya ameyatoa wapi. Akasema ameyanunua kwa kilo, kwa mtu anayeokota chupa na vyuma chakavu. Alikuwa amebakiwa na madaftari mawili. Nikayachukua kwa shilingi 3,000, pamoja na jalada la daftari la tatu ambalo ndani halikuwa na kitu.

Nikafuatilia. Mjane wake alipewa siku 30 aondoke kwenye nyumba ya mchungaji ili mrithi wa kituo aingie. Ana watoto wanne. Alikodi Canter, akapakia vitanda, kabati, kuku na watoto, na madaftari ya marehemu, ambayo yeye anasema yalikuwa 26, akayaweka stoo ya usharika akitumaini kuyarudia. Mchungaji mpya alipofika, wazee wakasafisha stoo ili wapate pa kuweka viti vya plastiki. Simlaumu mjane, wala mchungaji mpya, wala wazee, wala kijana wa karanga. Nimesoma katiba yetu na kanuni za watumishi mwanzo hadi mwisho, na hakuna mstari unaosema karatasi za mchungaji aliyefariki ziende wapi. Jengo tunaliandikia, shamba la usharika tunaliandikia, kengele inahesabiwa kila mwaka. Miaka 31 ya mahubiri, kumbukumbu za misiba, majina na nasaba za watu wa mitaa minane haikuwa mali ya mtu yeyote.

Hilo ndilo lililonifanya niandike hadharani. Barua mbili nilizopitisha kwenye ngazi zetu hazikujibiwa, na baada ya siku ile ya stendi nimeona siwezi kungoja ya tatu.

Wazee wangu, mnajua historia kuliko mimi, lakini niruhusuni niikumbushe kwa upande huu mmoja. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo, kwa kupishana siku chache, aliwazika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Kaburi la mama yule lipo hadi leo upande wa Nyali. Na mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliyekuja 1846, alikaa pwani karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, akaondoka Rabai, karibu na Mombasa, 1875 akiwa karibu kipofu kabisa, akafa mwaka uliofuata. Kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa ilitoka 1877, yeye akiwa kaburini, kwa kuwa Krapf alizishika karatasi za mwenzake akazitengeneza hadi zikachapwa. Krapf naye akafariki 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London 1882. Hakuna kati yao aliyeishika kamusi yake mkononi. Sisi tumezipata kwa sababu alikuwepo mtu aliyeona kwamba karatasi za mtumishi wa Mungu hazitupwi pamoja na nguo zake kuukuu.

Mtaniambia hao walikuwa Wazungu wenye misheni nyuma yao. Sawa. Basi tumtazame Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa nchi hii. Mzigo aliobeba hakuna hata mmoja wetu anayeubeba leo: askofu wa dayosisi, na kuanzia 1977 hadi 1984 rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Hata hivyo mwaka 1974 kilitoka kitabu chake kuhusu kanisa na ukoo, na mtu yeyote anayetaka kuelewa kwa nini Mhaya aliyebatizwa bado anamsikiliza mkuu wa ukoo wake, mpaka leo anarudi kwenye kitabu hicho. Yule hakuandika kwa kukosa kazi.

Nayasema haya kwa sababu kiongozi mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, mbele ya wenzangu, kwenye semina: "Mchungaji, ukiandika, nani anachunga?" Watu walicheka. Mimi sikuweza kujibu siku ile, maana alikuwa mkubwa wangu na tulikuwa mbele za watu. Naomba nijibu leo.

Nianze na wiki moja tu ya mwezi wa nne mwaka huu, ambayo haikuwa mbaya kuliko nyingine. Jumatatu, siku ambayo kwenye ratiba ya watumishi ni ya mchungaji kupumzika, nilizika mtoto wa miezi saba katika mtaa wa juu kabisa: kilomita 18 kwa pikipiki, nyingine tatu kwa miguu, kwa kuwa daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji. Jumanne kikao cha jimbo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja. Ajenda kubwa ilikuwa sharika ambazo hazijakamilisha mgao wa dayosisi, yaani fedha ambazo kila usharika hutakiwa kupeleka dayosisi, na jina la usharika wangu lilisomwa la pili. Jumatano darasa la kipaimara, watoto 53, vitabu 12. Alhamisi ndugu wawili wanaogombania shamba la baba yao walikuja nyumbani kwangu na mapanga, wakaondoka saa nne usiku wakiwa wameyaacha nyuma ya mlango wa jiko. Ijumaa misiba miwili. Jumamosi ndoa. Jumapili ibada tatu katika mitaa mitatu, na mwisho mnada wa mahindi mabichi, maboga, na jogoo aliyepanda hadi 45,000 kwa sababu vijana wa kwaya walishindana, furaha kubwa.

Mshahara wa mwezi ule ulifika wiki ya tatu ya mwezi uliofuata. Washarika wangu ni wakulima wa viazi na kabichi. Gunia likishuka bei, bahasha za ahadi nazo zinashuka, na mchungaji anashuka pamoja nao, na mimi sioni vibaya kula wanachokula. Kwa miezi mingi tumelishwa na mshahara wa mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye pia anayechapa ninachoandika, usiku, wageni wakishalala, kwenye kompyuta mpakato ambayo kibonye cha herufi a kiling'oka zamani. Anabonyeza kipira kidogo kilichobaki chini yake. Mnajua Kiswahili kina a ngapi katika ukurasa mmoja.

Sasa jibu lenyewe. Miaka sita iliyopita, baada ya wainjilisti wangu kuniuliza mara kwa mara mtu aliyejitoa uhai tunamzikaje na tunamwambia nini mama yake, niliandika kurasa nne kwa mkono. Nikazitoa kopi tisa steshenari, kila mtaa kopi moja na yangu moja. Mwaka juzi wakati wa masika kijana wa miaka 22 alijitoa uhai. Mimi nilikuwa mkutanoni, barabara imekatika, simu hazishiki. Baadhi ya wazee walitaka azikwe jioni, pembeni ya makaburi, bila kengele na bila ibada, kama ilivyokuwa ikifanyika zamani. Mwinjilisti wa mtaa ule alisoma darasa la saba na kozi ya miezi michache ya Biblia. Akaitoa karatasi ndani ya Biblia yake, akawasomea wazee kwanza, wakiwa wamesimama nje chini ya mti. Kisha akaisoma tena kaburini, ile sehemu inayotoka Zaburi ya 139, kwamba hata mtu akitandika kitanda chake kuzimu, Mungu yupo huko. Kengele ikapigwa. Nilipofika siku ya tatu, mama wa marehemu hakuniuliza kwa nini sikuwepo. Aliniomba ruhusa ya kubaki na karatasi ile. Anayo mpaka leo, imekunjwa mara nne, ipo ndani ya Biblia yake.

Siku ile mchungaji alikuwa kilomita zaidi ya 100 kutoka kwenye kondoo wake, na bado walichungwa. Ndiyo maana nasema mchungaji anayeandika anachunga mahali ambapo miguu yake haifiki. Nasema hivyo kwa sababu nimeona.

Lakini njia ya kuandika ndani ya kanisa letu ni ngumu kuliko njia ya kwenda mtaa wa juu. Mwaka 2019 nilikabidhi ofisini muswada wa kurasa 212, ufafanuzi wa Injili ya Marko kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya wainjilisti ambao wana Biblia, kitabu cha nyimbo na kalenda ya kanisa, basi. Niliufunga kwa uzi wa katani. Ukapigwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa kamati itausoma. Nikangoja. Mwaka 2023 nilikwenda kuulizia. Karani, msichana mpya mwenye adabu, aliutafuta nusu saa nzima, akaukuta chini ya vitabu vya hesabu vya miaka iliyopita. Uzi ulikuwa na fundo langu lilelile. Kama mngeusoma mkasema haufai, ningekwenda nyumbani nikasahihisha. Fundo lile ndilo lililoniumiza.

Kijitabu cha pili, cha faraja za misiba, nilikichapisha mwenyewe. Nilikopa SACCOS shilingi 1,300,000, nikapata nakala 200. Nilifuata taratibu: nikaomba namba ya kitabu Bodi ya Huduma za Maktaba kule Dar es Salaam, nikapeleka nakala zao kama sheria inavyotaka. Katika miezi miwili zikanunuliwa nakala 118, nyingi na watu waliofiwa. Kisha likaja lalamiko kwamba mchungaji amegeuza madhabahu kuwa duka, na nikaagizwa nisiuze tena katika eneo la kanisa. Nilitii siku hiyohiyo. Nakala zilizobaki ziko chini ya kitanda chetu, na mkopo nimemaliza kuulipa mwezi wa tano. Sidai fidia. Naelewa hofu ya wazee. Wapo wanaouza maji na mafuta kwa jina la Bwana, na ni haki yenu kulinda madhabahu. Lakini wekeni utaratibu. Kama faida ni ya usharika, andikeni hivyo, nami nitatia sahihi. Kama mchungaji arudishiwe gharama tu, andikeni hivyo. Sasa hivi hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo kila mchungaji anayechapa kitu anahesabiwa kuwa mfanyabiashara.

Nikiwa mtoto nilizoea kusoma majani ya mbele ya vitabu vya baba yangu, naye alikuwa mwinjilisti, kuona vilikochapwa: Vuga Press, Soni. Central Tanganyika Press, Dodoma. Ndanda. Inland Press, Mwanza. Nilidhani kila kanisa lina mtambo kama lilivyo na kengele. Hata mmisionari Edward Steere kule Unguja, aliyefika 1864, kabla hajaanza kujenga kanisa la Mkunazini mahali pa soko la watumwa, alikuwa na mtambo, na waliopanga herufi ni vijana waliokombolewa utumwani. Kwanza karatasi, kisha matofali. Sisi leo tuna majengo mazuri, namshukuru Mungu kwa hayo, na katika kila mkutano mkuu kuna ripoti ya mabati na vigae. Miaka 17 tangu nibarikiwe kuwa mchungaji sijasikia ripoti ya vitabu.

Ninachowaomba si fedha nyingi.

Rudisheni Jumatatu. Najua msiba hauna siku. Lakini sharika tatu zinazopakana zinaweza kushikana zamu, Jumatatu hii anazika huyu, ijayo yule, na anayebaki apumzike au aandike bila kuonekana mvivu. Tuliwahi kujaribu, wachungaji watatu, kwa makubaliano yetu wenyewe, na kwa miezi mitano ilikwenda vizuri hadi mmoja wetu alipohamishwa. Wengine kati yetu hawataandika; watalala. Walale. Nimemwona mwenzetu akisinzia akiwa ameshika kikombe cha Chakula cha Bwana, na kikombe kikateleza.

Mchungaji akifariki, Mkuu wa Jimbo aende na sanduku. Si kwa kumpokonya mjane, bali kwa kukaa naye, waorodheshe karatasi pamoja, zile anazopenda kubaki nazo abaki nazo, nyingine ziletwe mahali pakavu penye kufuli. Chumba kimoja katika ofisi kuu kinatosha. Na siku 30 za kuhama ni chache mno. Mjane anayefunga mizigo huku bado amevaa kaniki hawezi kufikiria madaftari.

Muswada ukiletwa, usomwe na ujibiwe ndani ya mwaka mmoja, hata kama jibu ni hapana. Dayosisi ina walimu wa theolojia waliostaafu, wanaoishi hapahapa, wenye macho mazima na mchana mrefu. Wapeni wao. Wawili nimeongea nao, wakaniambia hawajawahi kuombwa.

Na kuhusu swali la nani anachunga: Paulo akiwa kifungoni, akijua wakati wake wa kufariki umefika, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Hapa kwetu milimani baridi ya mwezi wa saba inaingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo joho nalielewa vizuri. Vitabu nimevielewa polepole. Mtume yule alikuwa na makanisa mengi kuliko jimbo zima, na hakuna aliyemwambia achague.

Sasa niseme la mwisho, lenye haraka. Tangu 2021 nimekuwa nikiwahoji wazee 31 waliohudumu kama wainjilisti au wake wa wainjilisti katika mitaa ya usharika wangu, wale waliotembea na Injili kabla hata njia ya pikipiki haijakatwa. Narekodi kwa simu, kisha naandika. Hadi leo 14 kati yao wamefariki, wanane nikiwa nimeshaongea nao, sita nikiwa nimechelewa. Mmoja wa hao sita niliahirisha kwenda kwake kwa sababu ya kikao cha mgao.

Mzee wa miaka 88 wa mtaa wa chini alinikabidhi daftari lake la mwaka 1961. Alilifunga kwenye nailoni ya sukari na kulining'iniza juu ya moshi wa jiko ili mchwa wasilifikie, kwa hiyo linanuka moshi, na kingo zake ni za kahawia kama ngozi. Kurasa za kwanza ni majina ya watu 43, jina la kwao na jina la ubatizo, na mbele ya kila jina ameandika mtu yule alimletea nini siku ya kwanza alipokuja kuuliza habari za Yesu. Yai. Kuni. Swali kuhusu mtoto aliyekufa. Hakuna kitu. Yai. Nimelisoma mara nyingi na bado nikifika kwenye hilo "hakuna kitu" nasimama.

Barua za uhamisho hutoka mwezi wa kumi na mbili. Nimebakiwa na wazee tisa ambao sijawahoji, na watatu kati yao hawawezi tena kutoka nje bila kushikwa mkono. Kama jina langu limo kwenye orodha, naomba nipewe hadi Pasaka. Nitakwenda popote mtakaponituma, kama nilivyoahidi siku ya kuwekewa mikono. Daftari la mzee liko mezani kwangu, limerudishwa kwenye nailoni yake. Jumanne nakwenda kwa bibi mmoja mjane wa mwinjilisti, anayezijua nyimbo saba za kilugha ambazo hazimo katika kitabu chochote. Ameniambia nifike mapema, kabla ya saa tatu, maana baadaye kifua humbana na sauti haitoki.

Wenu katika shamba la Bwana,

Mchungaji wa usharika wa milimani